Kitufe cha Nane

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, na mkono wako mmoja umelazwa kando yako kama mzigo ulioachiwa na mtu mwingine, usiruke kurasa ukitafuta dawa. Sina dawa. Kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya mazishi mjini Migori, vile vyenye picha ya marehemu juu na ratiba ya ibada ndani. Ninachoweza kukupa ni habari ya jinsi mkono wangu wa kulia ulivyogoma, na jinsi dole gumba lake lilivyoamka asubuhi ambayo mtu mwingine alifumba macho. Habari hiyo bado inaniandama. Hata leo, mtu akisema "nane" karibu nami, iwe ni bei au ni saa, nageuka kutazama nyuma.

Kiharusi kilinipata mwanzoni mwa mvua ndefu, asubuhi, nikipiga mswaki. Mswaki ulianguka, nikainama kuuokota, mkono haukuja nami. Nikamwita mke wangu, Akinyi, na kilichotoka kinywani mwangu hakikuwa jina lake wala la mtu yeyote. Alitoka jikoni akicheka, akidhani namfanyia mzaha. Aliponiona uso, aliacha kucheka, na mpaka leo hapendi kuizungumzia asubuhi ile.

Nafasi ilipatikana hospitali moja ya Homa Bay. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, vitanda vimebanana kiasi kwamba ukikohoa jirani yako ndiye anayesema pole. Nilipewa kitanda cha nane, chini ya dirisha linalotazama ziwa. Kushoto kwangu, kitanda cha tisa, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuuza vitu. Jina lake Ojwang', mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Kwake kiharusi kilichukua upande wa kushoto.

Nesi wetu wa asubuhi alikuwa Mkuria wa kutoka Kehancha. Hakujua Kijaluo, na majina yetu yalimchosha. Alituita kwa vitanda.

"Nane, geuka. Tisa, meza hiyo dawa, usiifiche shavuni kama mtoto."

"Madam, mimi niko na jina," Ojwang' alimwambia.

"Jina utapewa ukienda nyumbani. Hapa wewe ni Tisa."

Basi tukawa Nane na Tisa. Hata wagonjwa wengine walituita hivyo, na wale waliokuja kuwatazama wagonjwa wao pia.

Sasa nikueleze jambo ambalo hakuna daktari atakuambia. Mkono wangu mzima ulikuwa wa kushoto, wake mzima ulikuwa wa kulia, na kwa jinsi vitanda vilivyokaa, mikono hiyo miwili mizima ilikutana katikati. Tukafanya mtu mmoja. Mimi nilishika chungwa, yeye akalimenya. Yeye alishika chupa ya soda, mimi nikazungusha kizibo. Mchungaji alipokuja kuomba na kutaka watu wapige makofi, tulipiga kofi moja sisi wawili, na wodi nzima ikaangua kicheko. Nilicheka nikitokwa na mate, kwa sababu wakati ule mdomo wangu ulikuwa umeteremka upande mmoja, na sikuona aibu hata kidogo.

Kila asubuhi tulisukumwa hadi chumba cha mazoezi, tukangoja kwenye benchi la ukutani. Utalijua benchi hilo ukilifikia. Kila mtu pale ameushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, kama mtu aliyebeba kifaranga, na hakuna anayemtazama mwenzake. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akinishika vidole kimoja kimoja na kuniambia, "Sogeza." Nilisukuma kwa nguvu zote mpaka jasho likanitoka kwenye kipaji cha uso. Hakuna kilichosogea. Aliandika kitu, akamwita anayefuata.

Ni kwenye benchi hilo Ojwang' aliniuliza jina langu la nyumbani.

"Owiti," nikasema, kwa ulimi wangu mzito.

Akanitazama, kisha akacheka mpaka nesi akachungulia. Kwa asiye Mjaluo nieleze: mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu. Nilipozaliwa, alinitoa nje akaniweka njiani karibu na takataka, jirani akapita akaniokota kana kwamba amekuta kitu kisicho na mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya Owiti, aliyetupwa. Ilikuwa njia ya kukihadaa kifo, kione kwamba mtoto huyu hana anayemtaka, kimpite. Na Ojwang' ni jina la aina hiyo hiyo, aliyeachwa. Mama yake naye alikuwa amezika.

"Omera, ndugu yangu, sisi ni takataka mbili," alisema. "Kifo hakiwezi kujishughulisha na sisi."

Alipojua kazi yangu, alifurahi zaidi. Akaniagiza, "Mimi nikitangulia, kitabu changu ni wewe utatengeneza. Si mke wako. Wewe. Na usiniwekee ile picha ya kitambulisho, nakaa kama mtu ameshikwa na polisi."

"Kwa mkono gani?"

"Huo huo mlevi."

Nilimwahidi. Huwa mtu anaahidi hivyo akijua kwamba hakuna atakayedai.

Baadaye, mvua zilipokolea, Ojwang' alitaka kitanda changu. Alitaka dirisha. Mke wake, Pamela, alikuwa ameanika omena nyuma kule Muhuru, naye Ojwang' alitaka kuona mawingu kabla hayajafika.

"Homa Bay na Muhuru ni wapi na wapi?" nilimcheka. "Utaiona mvua ya hapa, omena iliwe na mvua ya huko."

"Nibadilishie tu, Nane. Moyo wangu utatulia."

Wahudumu walitubadilisha baada ya chakula cha mchana, wakatuhamishia na faili zetu. Sikufikiria lolote. Jioni ndipo tulipogundua tulichofanya. Sasa yeye alikuwa kulia kwangu, mimi kushoto kwake. Mikono mizima ilikuwa imekwenda nje, na ile iliyokufa ndiyo iliyolala karibu karibu. Alitaka kumenyewa ndizi, hatukuweza. Tukacheka, tukasema kesho tutaomba turudishwe.

Kulipopambazuka, kigari cha chai kilikuwa kinalia huko mwanzo wa wodi. Nilihisi uzito juu ya mkono wangu wa kulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteleza kutoka kitandani kwake ukaangukia wangu, kiganja kwa kiganja. Niligeuza kichwa. Macho yake yalikuwa dirishani na kifua kilikuwa kinapanda kwa shida. Nilimwita, ulimi ukanisaliti. Nikataka kuushika ule mkono, nikausukuma mkono wangu jinsi nilivyosukuma kila siku pale kwa mtaalamu, na dole gumba likasogea. Likapanda polepole, likakandamiza mgongo wa mkono wake. Lilikuwa dole langu, nililiona kwa macho, lakini sikulihisi kuwa ni mimi ninayelisogeza.

Kifua chake kilikuwa kimetulia. Sijui kama kilitulia kabla dole halijasogea au baada. Nimejiuliza swali hilo nikioga, nikila, nikiwa kanisani. Sitapata jibu, na bado najiuliza.

Wakavuta pazia kuzunguka kitanda cha nane. Mwisho wa wodi kulikuwa na mama mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa akimuuguza mume wake. Aliona pazia. Pale wodini naye alituita kwa vitanda kama wengine wote, na hakujua kwamba tumebadilishana. Kwa huruma yake alitoka nje akapiga simu nyumbani kwetu, ambako walijua kitanda changu ni cha nane: "Nane ametuacha."

Mama yangu alikuwa uani akipepeta mtama. Aliuacha ungo, akaenda hadi langoni, akapiga nduru. Mjaluo akipiga nduru ya msiba asubuhi, vilima vinasikia. Aliita jina langu, Owiti, Owiti, akikimbia kutoka lango hadi mlango na kurudi. Watu wakaja. Wengine walianza kukata miti ya kujengea kivuli cha waombolezaji. Wakati huo Akinyi alikuwa njiani kuja Homa Bay na uji wangu, na alipofika wodini alinikuta hai, kwenye kitanda cha tisa, nikilia bila sauti. Ndipo simu yake ikaanza kuingia ujumbe wa pole.

Nilipotoka hospitali mahindi yalikuwa yameshapaliliwa mara ya kwanza. Nyumba yangu iko ndani ya boma la mama, nje kidogo ya mji. Alinipokea langoni. Alinitazama muda mrefu, akanigusa kichwa, masikio, mabega, kama mtu anayenunua mbuzi soko la Ogwedhi. Kisha akasema, "Baba Achieng', umekuja."

Hilo ndilo jina wanaloniita majirani, kwa mtoto wangu wa kwanza. Mama hakuwahi kunitamkia. Nilidhani ni furaha imemchanganya. Lakini siku zikapita, na jina alilonipa mwenyewe halikumtoka. Akinyi alimuuliza wakiwa jikoni, nami nikasikia kutoka ukumbini.

"Lile jina nimelilia," mama alijibu. "Nililiita nikiwa langoni, watu wote wakasikia, na kifo pia kikasikia. Nilikificha miaka yote hiyo. Sasa kimejua kwamba Owiti ana mama. Nikiita tena, sijui ni nani ataitika."

"Mama, Mungu wetu Nyasaye ndiye alimponya. Huyo ni mtoto wako, anakula ugali wako."

"Najua ni mtoto wangu. Ni jina ndilo siwezi."

Nikaishi hivyo, nimerudi nyumbani na jina langu halijarudi. Nitakwambia ukweli: liliniumiza kuliko mkono. Mtu akiacha kuitwa na mama yake huanza kujitazama kwenye kioo kwa mashaka. Nilikuwa najishika kifua kuona kama kinapanda. Na usiku na mchana nilihisi ule uzito kwenye kiganja.

Mwili nao ulikuwa mgeni. Akinyi alinifunga vifungo vya shati na kunikata kucha. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani. Kidole cha shahada kilikuwa kibaya zaidi, kikilazwa juu ya kitu kilikikandamiza chenyewe, bila amri. Dole gumba tu ndilo lililotii. Kwa hiyo nilipoanza kwenda tena kwenye duka letu la kuchapishia, nikamwomba Akinyi aninunulie kipanya cha kompyuta chenye vitufe vya ziada ubavuni, pale dole gumba linapokaa. Nilidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imeanza. Nilipokuwa mgonjwa, radi ilikuwa imeichoma kompyuta yetu ya zamani, ile niliyoijua kama mfuko wangu. Akinyi alichukua nyingine kwa fundi mmoja wa Rongo, na hiyo ilikuwa na Linux, mfumo nisioujua. Yeye alikuwa ameshaizoea. Mimi nilikaa mbele yake kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake gizani. Kila kitu kilikuwepo, hakuna kilichokuwa mahali pake. Na vile vitufe vya ubavuni vilijua kazi moja tu. Cha kwanza kilirudisha ukurasa nyuma, cha pili kilipeleka mbele. Nilibonyeza, kikanirudisha nyuma. Nikabonyeza tena, nyuma zaidi. Nilikasirika, kwa sababu nyuma ndiko nilikokuwa naishi tayari.

Kisha Pamela akapiga simu. Ojwang' alikuwa bado mochari. Hakuwa na nyumba katika boma la baba yake kule Muhuru, maisha yake yote yalikuwa ufuoni, mara Muhuru, mara kisiwa cha Remba, na kwetu mwanamume hazikwi nyumbani asikokuwa na nyumba. Ndugu zake walikuwa wamemaliza kumjengea, ya mabati, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

"Alisema ni wewe," Pamela alisema. "Lakini shemeji, kama huwezi, mama Achieng' afanye. Tutaelewa."

"Nitafanya," nikamwambia.

Akinyi alisubiri nikate simu. "Utafanya na nini?"

Yeye ni Msabato. Jua la Ijumaa likitua, duka linafungwa na kompyuta haiguswi, hata akija mkuu wa wilaya. Kwa hiyo vijitabu vilitakiwa kutoka kabla ya jua hilo, na ilikuwa katikati ya juma. Alikuwa anaweza kuimaliza kazi yote kabla ya chakula cha mchana. Alinisihi. Nilikataa. Tukagombana mbele ya mteja aliyekuja kupiga chapa barua ya shule, mimi nikipiga kelele kwa mdomo uliopinda, naye akasema maneno ambayo yalikuwa ya kweli.

"Wewe unaona huyo mtu tu. Mimi ndiye nakuosha, na hujawahi kuniahidi kitu."

Mteja alisema atarudi baadaye. Nilimwambia Akinyi tu kwamba mkono wa Ojwang' ulikuwa umelala juu ya wangu, na kwamba nisipoifanya kazi hii kwa dole hilo, hautaondoka. Alinitazama, akanivutia kiti, akaniwekea mto chini ya kiwiko.

Nilimpigia fundi wa Rongo. Akanieleza kwamba mfumo huu unaona kila kitufe, tatizo ni kuwa haujui mtu anataka kifanye nini, lazima uuamuru. Kuna dirisha jeusi la kuandikia amri, na mle unauandikia safu ya namba, kila kitufe na kazi yake kwa zamu. Kitufe cha kushoto ni moja, cha gurudumu ukilibonyeza ni mbili, cha kulia ni tatu. Simu ikakatika.

Sikuona haja ya kumpigia tena. Moja, mbili, tatu. Basi vya ubavuni ni nne na tano, nani asiyejua kuhesabu? Nikaandika kwa mkono wa kushoto kwamba nne ifanye kazi ya moja, na tano ifanye kazi ya tatu. Nikabonyeza kwa dole: nyuma. Nikazungusha gurudumu kushuka na kupanda ukurasa, na kioo cha kompyuta kikaingiwa na wazimu. Mafaili yakafunguka yenyewe, menyu zikachipuka kila mahali, picha ya Ojwang' ikafunguka mara nyingi, moja juu ya nyingine, uso wake ukijaa kioo chote, akitabasamu. Ilikuwa picha nzuri, ya ufuoni, amevaa kofia. Nilirudisha kiti nyuma.

"Ni nini?" Akinyi akauliza.

"Amekuja."

"Nani amekuja? Hebu zima hiyo kitu."

Aliizima. Ilipowaka tena ilikuwa imesahau kila nilichoiamuru. Siku iliyofuata fundi alinicheka kwenye simu. "Mzee, hapo umekosea kama kila mtu. Gurudumu likienda juu, Linux inahesabu hiyo ni batani. Likienda chini, batani nyingine. Kushoto na kulia pia, hata kama yako haiendi huko. Inahesabu zile huoni. Kuna amri ya kufungua kidirisha cheupe cha majaribio, ifungue, bonyeza ndani yake, itakuambia namba yenyewe."

Akinyi alikuwa ametoka kununua karatasi. Nilifungua kidirisha, nikapeleka mshale ndani. Nikakilaza kidole cha shahada juu ya kitufe cha kushoto, kikakikandamiza chenyewe: moja. Nikazungusha gurudumu: nne, tano. Kisha nikaweka dole gumba kwenye kitufe cha kwanza cha ubavuni, nikakandamiza.

Kompyuta ikaandika: nane.

Nikakandamiza cha pili. Tisa.

Duka lilikuwa tupu. Nje mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma, na harufu iliingia. Nilikaa nikizitazama zile namba mbili, na nitasema wazi kwamba niliogopa. Najua sababu yake, fundi alikuwa amenieleza, mfumo unahesabu vile visivyoonekana. Hata hivyo nilimwambia, kwa sauti, "Nimekusikia, Tisa. Nafanya." Halafu nikakumbuka kwamba alikufa akiwa Nane, na kwamba kwa asubuhi ile moja Tisa nilikuwa mimi.

Nikaandika ile safu upya. Mahali pa nane nikaweka kazi ya moja. Mahali pa tisa nikaweka kazi ya tatu. Mahali pa moja, pale kidole changu cha shahada kinapojikandamizia chenyewe, nikaweka sifuri, maana yake kitufe hicho kimekufa, kisisikilizwe. Na cha tatu vivyo hivyo. Nikabonyeza kwa dole. Faili likafunguka. Moja tu, lile nililotaka.

Nililia pale, na sikujifuta.

Akinyi aliporudi alikishika kipanya kutaka kuona barua pepe ya mteja. Akabofya, akabofya tena. "Hiki kitu chako kimekufa."

"Tumia dole gumba."

Alijaribu, vidole vyake vizuri vikiwa vimesimama hewani havina kazi, akashindwa hata kufunga dirisha. Alicheka mpaka akakaa chini. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu mswaki ulipoanguka, na nikaambiwa siku hiyo kuwa ni mimi wa kumfundisha.

Ijumaa asubuhi stima ilipotea, na iliporudi kompyuta ilikuwa imesahau tena. Nilijua kusahau huko, mkono wangu nao ulikuwa ukiamka kila asubuhi kama haujawahi kufundishwa kitu. Fundi akanielekeza kwa simu kwenye faili ambalo mfumo hulisoma kila unapowaka, nikaiweka ile safu mle ili isisahaulike. Kisha nikafanya kazi. Nilikwenda polepole kama kobe. Kuvuta picha kutoka pembeni hadi katikati kulinichosha kuliko kulima. Dole lilitetemeka, nikawa naliacha lipumzike, nikaendelea. Sehemu ya wanaoomboleza, Pamela alikuwa ametuma majina ya ndugu wote, mashemeji na wakwe. Mwishoni nikaongeza: na jirani yake wa wodini.

Kivuli cha jua kilikuwa kimeshafika mlangoni pa duka mama alipoingia na chakula. Akinyi alikuwa anatazama jua kupitia mlango, kisha ananitazama. Mama akaweka bakuli mezani, akasimama nyuma yangu. Nilihisi ameacha kupumua. Kwenye kioo kulikuwa na uso wa mwanamume, msalaba pembeni, na mshale uliokuwa ukitembea kwa dole langu.

"Huyo ni nani?"

"Ndiye aliyekuwa kitanda cha nane, mama. Asubuhi ile."

Alisogea. Mama anasoma taratibu, herufi kwa herufi, kwa midomo. "O-jwa-ng'." Akasimama hapo. Akarudia. "Ojwang'? Naye alikuwa ameachwa?"

"Mama yake alizika kabla yake. Kama wewe."

"Yuko hai, huyo mama?"

"Yuko. Lakini ni mzee sana, na siku ile alikuwa Remba kwa mtoto mwingine. Walimwambia kesho yake jioni."

Mama akavuta kiti cha wateja akakaa. Alikitazama kile kioo muda mrefu, na Akinyi hakumharakisha, ingawa jua lilikuwa linashuka.

"Basi siku nzima hakuna mama aliyemlilia," mama alisema. "Isipokuwa mimi."

Akinyi akawasha mashine ya kuchapisha.

"Ile nduru ilikuwa yake. Mimi niliipiga tu kwa jina ambalo si lake." Akajifunga kitambaa kichwani vizuri. "Chapisha hiyo kitu. Kesho nitaipeleka mimi mwenyewe. Lazima nimwambie huyo mwanamke kwamba mtoto wake alililiwa asubuhi ile ile."

Nikaweka dole kwenye kitufe cha nane, nikachapisha. Karatasi ya mwisho ilitoka jua likiwa bado juu ya mabati ya soko, na Akinyi akafunga mlango.

Mimi nilikuwa nimekatazwa safari ndefu. Jumamosi nilishinda nyumbani peke yangu, Akinyi kanisani, mama Muhuru. Kiganja changu kilikuwa kizito asubuhi. Mchana, saa wanazoteremsha jeneza, nilikuwa nimekaa kivulini, nikaona nimeushika mkono wangu wa kulia kwa ule wa kushoto, jinsi tulivyokuwa tukikaa kwenye benchi. Sikuomba lolote. Nilikaa tu.

Mama alirudi Jumapili. Nilikuwa ndani nikijifunga kifungo cha shati, kimoja, kwa dole na kwa subira. Niliisikia miguu yake ikifika langoni ikasimama, pale pale alipopigia nduru. Majirani walikuwa wanatoka kanisani, wengine ni wale wale waliokata miti. Alivuta pumzi. Kisha aliita kwa sauti yake yote, ile ile ya asubuhi ile, ili kila aliyesikia ya kwanza asikie na ya pili.

"Owiti!"

Nikaacha kifungo nusu, nikaitika.